Waya Usioleta Kitu

Mtaa mzima wa Bahari ulikwisha kukubaliana kwamba ni radi. Kinyozi alisema radi, muuza mkate alisema radi, na fundi viatu wa pembeni, ambaye alasiri ile alikuwa amelala fofofo, aliapa kwamba aliiona ikishuka kwa macho yake mawili. Fawzi Labban, opereta wa redio wa meli aliyestaafu, alikutwa amekufa juu ya paa la nyumba yake, kati ya mlingoti wa antena na tangi la maji, viganja vyake vyote viwili vimeungua. Ilikuwa tarehe kumi na nane Novemba, na mtu yeyote aliyezaliwa Iskandaria anajua kwamba siku hizo ni za dhoruba ya Fagio. Dhoruba za mji ule zina majina na zina tarehe, zimechapwa kwenye kalenda za ukutani pamoja na sikukuu. Kalenda imesema Fagio linakuja, basi Fagio lilikuja, na radi ikampiga Fawzi. Kulikuwa na haja gani ya kutazama nje?

Inspekta Tharwat Hilali alitazama. Alikuwa mtu mwenye macho ya usingizi, kope zimeshuka nusu mchana kutwa, na wenzake kituoni walimwita Mlalaji, nyuma yake na mara nyingine mbele yake. Siku ya nane baada ya kifo, asubuhi, alikwenda bandarini kuomba daftari la hali ya hewa. Karani akapiga miayo, akalifungua. Tarehe kumi na nane: ukungu asubuhi, manyunyu kuanzia saa tisa na dakika kumi mchana, upepo wa wastani. Radi hakuna. Fagio mwaka ule lilichelewa siku tatu nzima. Karani mwenyewe alishangaa, akasema kama angeitwa mahakamani angeapa kwamba kulikuwa na ngurumo.

Kwa hiyo kilichomuua Fawzi hakikutoka mbinguni. Inspekta alilirudisha daftari, akashukuru, akaenda mahabusu.

Huko kulikuwa na mtu ambaye jambo hilo lilimhusu kuliko wote. Shenouda Rizq, fundi wa redio na antena, alikuwa na siku nane ndani. Mjane wa marehemu, Hajjati Dawlat, ndiye aliyemshtaki: radi au si radi, fundi huyu alisimamisha mlingoti bila waya wa ardhi, na kama waya ungekuwepo mumewe angekuwa hai. Ripoti ya kwanza ya polisi ilikubaliana naye. Mlingoti ulikaguliwa na waya haukuonekana. Kesho asubuhi mwendesha mashtaka angetia saini, na shitaka lingekuwa kuua kwa uzembe. Hiyo ni miaka mitatu, na fundi aliyefungwa kwa uzembe akitoka hapewi hata taa abadilishe.

Shenouda alikuwa amekaa juu ya blanketi lililokunjwa vizuri mno, kama mtu anayeogopa kudaiwa hata mikunjo. Tharwat alimuuliza kuhusu waya.

"Niliufunga, afande. Waya wa kijani, kutoka mguu wa mlingoti, unashuka kwenye shimo la mwanga mpaka kwenye fimbo ya shaba uani. Fimbo nimeipigilia mwenyewe, mita moja na nusu ndani ya udongo."

"Ripoti inasema hakuna waya."

"Basi ripoti na ipande ngazi ikautafute vizuri."

Tharwat hakukasirika. Alimwomba aeleze habari za mtambo wenyewe, na fundi akaeleza kama mtu anayemsimulia daktari habari za mgonjwa ampendaye. Fawzi alikuwa ameitoa redio ya chuma kwenye meli iliyopelekwa kukatwa vyuma chakavu, akaiunganisha nyumbani na amplifaya na spika mbili kubwa alizozichongea makasha mwenyewe. Kila alasiri alisikiliza meli zikiongea baharini. Mwezi Septemba spika zikaanza kuvuma, mvumo mzito usiokatika. Shenouda akaitwa, akasikiliza, akamwambia mzee kwamba ndani kuna umeme unavuja unakwenda kwenye gamba la chuma, na gamba limeungana na antena. Aipeleke redio karakana kwa siku mbili tu. Fawzi akakataa katakata. Hakuweza kulala siku mbili bila meli zake.

"Nikamwambia mzee, Rayisi, huo mvumo ndiyo homa. Usiupuuze. Na ukitaka kupanda juu, zima, chomoa plagi, na paa liwe kavu. Akanicheka. Alisema hayo alikuwa akiwafundisha wenzake kabla mimi sijaota meno."

"Mbona hakuchomoa?"

Shenouda alimtazama kana kwamba swali lile limetoka kwa mgeni. "Wewe unageuzaje antena, afande? Mume anakwenda juu, mke anabaki dirishani anamwambia bado, bado, hapo hapo. Ukichomoa plagi atakuambia nini?"

Tharwat aliitikia kwa kichwa. Nyumbani kwake mambo yalikuwa hivyo hivyo, na mkewe alikuwa na sauti kali.

Alasiri alipanda na Sajini Metwalli mpaka juu ya paa. Nyumba ilikuwa ya ghorofa tatu, na Hajjati Dawlat alikaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa lile. Fagio lilikuwa limepita na kuusafisha mji wote, na sasa ukungu mwembamba ulitoka baharini ukiwa na nuru ndani yake, usijue jua liko upande gani. Paa kwa paa, mpaka macho yanapoishia, zilisimama antena za kila namna, zenye mbavu na zenye masufuria, zimeelekea pande zote kama watu waliosikia wanaitwa wasijue na nani. Kulikuwa na harufu ya chumvi na ya mkate, na Sajini, ambaye hakuwa mtu wa ndoto, alijikuta ananong'ona.

Mlingoti wa Fawzi ulikuwa bomba la maji lililopakwa rangi ya fedha. Tharwat akachuchumaa mguuni pake, akakaa hivyo muda mrefu bila kujongea. Metwalli akadhani amesinzia, akakohoa.

"Niko macho," alisema Inspekta. "Njoo uone."

Chini kabisa, karibu na zege, palikuwa na kibano kidogo cha chuma kimefungwa kwa skrubu. Kilipakwa rangi ile ile ya fedha, ndiyo maana waliokagua mara ya kwanza walikipita. Ndani ya kibano mlikuwa na kipande cha shaba kifupi kama ukucha, kimeliwa na chumvi mpaka kimekuwa na ukungu wa kijani. Kilikatika kwa kuvutwa. Hakuna aliyekikata kwa kisu.

"Waya ulikuwepo," alisema Tharwat.

Metwalli aliinama kwenye ukingo wa shimo la mwanga, lile tundu la katikati ya nyumba ambamo hupita mabomba, harufu za vitunguu na umbea wa ghorofa zote. Akamulika tochi. Macho yake yakang'aa. Alitangaza kwamba kesi imekwisha: ni muuza vyuma chakavu, yule mwenye mkokoteni anayepita kila Jumanne. Shaba sasa ina bei, ameivuta usiku, ameiuza. Alikuwa tayari kushuka kumtafuta. Hata jina la mkokoteni alilijua, maana ulikuwa umeandikwa Subira kwa rangi nyekundu.

Inspekta alichukua tochi akatazama mwenyewe. Waya wa kijani ulikuwepo. Ulianza kiasi cha mita nne chini yao, kisha ukateremka ukiwa umebanwa ukutani kati ya mabomba mpaka uani, ambapo fimbo ya shaba ilichomoza kwenye udongo pembeni ya kopo la mnanaa.

"Sajini, huo uliobaki una urefu gani?"

"Mita kumi. Kumi na mbili."

"Mwizi wako amepanda mpaka huku juu, amechukua mita nne, akaacha kumi na mbili?"

Metwalli alifikiri. Akasema labda alisikia mtu anakuja. Tharwat akamwonyesha mwisho wa waya ule uliobaki. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi, vizuri, mkato mmoja, na ulikuwa umbali wa mkono tu kutoka kwenye dirisha. Dirisha lilikuwa la jiko. Sajini akahesabu ghorofa kwa kidole, akahesabu tena, kisha akaufunga mdomo wake na habari za mkokoteni zikaishia hapo.

Hajjati Dawlat aliwafungulia mlango kabla hawajabisha mara ya pili. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, amevaa nyeusi, na hasira yake aliivaa juu ya hiyo nyeusi. Alisema anashangaa serikali inapata wapi mafuta ya gari la kuja kwake kila siku ilhali muuaji wanaye ndani. Baada ya kusema hayo akawaletea chai, akamlazimisha Metwalli aongeze sukari.

Redio ilikuwa pembeni ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Tharwat aliomba ruhusa ya kuiwasha. Alihakikisha kwanza plagi imechomolewa, akavaa viatu vya mpira alivyokuja navyo kwenye mfuko, akamwomba Hajjati akae mbali, akamtuma Metwalli juu na testa ya umeme na onyo la kutogusa chochote kwa mkono mtupu. Kisha akachomeka, akawasha. Taa za kioo cha redio zikawaka rangi ya asali. Kutoka kwenye spika kukaja ukimya mkubwa, safi, na ndani ya ukimya ule, kwa mbali sana, mtu akataja jina la meli na idadi ya magunia ya ngano kwa sauti iliyochoka. Mwingine akamjibu kwa lugha wasiyoielewa. Hajjati alifumba macho. Kwa muda kidogo chumba hakikuwa Iskandaria, kilikuwa mahali fulani kwenye maji mengi, na Inspekta aliona kwa nini mzee alikataa siku mbili za karakana.

Aligusisha testa yake kwenye gamba la redio. Kitaa chake kikawaka.

Kutoka kwenye shimo la mwanga ikasikika sauti ya Metwalli: "Huku mlingotini inawaka, afande."

Hajjati alikwisha inuka na kufika nusu ya njia kuelekea dirisha la jiko, mkono umeshikilia kitambaa cha kichwa, kabla hajakumbuka kwamba anayeita si mumewe. Alisimama pale. Tharwat alizima, akachomoa plagi, akamwita Sajini ashuke. Halafu akamwuliza mjane, polepole, kuhusu alasiri ile.

Akaeleza. Sauti ya meli ya Limassol ilikuwa inapotea redioni, mzee akapanda kugeuza antena. Manyunyu yalikuwa yameanza. Alimwambia avae kofia, akakataa. Yeye akasimama dirishani, redio inasema nyuma yake, akamwita juu: bado, bado, kidogo tena. Sauti ikaja safi. Akamwambia hapo hapo.

"Halafu ule mvumo ukarudi," alisema.

"Mvumo upi?"

"Ule wa zamani. Ulioanza Septemba ukatutesa. Ulikuwa umekoma wenyewe, mwezi mzima hatujausikia, mzee akasema redio imepona. Sasa ukarudi, mkubwa. Nikamwita, Fawzi, mvumo umerudi, geuza. Hakujibu. Nikajua ananifanyia ukaidi wake."

"Ulidumu kiasi gani?"

"Muda wa kusoma Fatiha mbili. Ukanichosha, nikaja nikaizima. Nilipozima nikasikia kitu kimeanguka juu."

Metwalli, aliyekuwa ameingia, aliweka gilasi yake chini bila kunywa. Tharwat aliuliza mvumo ule wa kwanza ulikoma siku gani. Hajjati hakuhitaji kufikiri. Ulikoma siku aliyofua mablanketi, mwanzoni mwa Oktoba, kabla dhoruba za baridi hazijaanza, kama afanyavyo kila mwenye akili. Anakumbuka kwa sababu jioni ile mzee alifurahi akamletea keki ya basbusa.

Inspekta akaomba kuona jiko.

Jiko lilikuwa dogo na safi, dengu zikichemka taratibu, na dirisha lake lilifunguka kwenye shimo la mwanga. Upande wa pili palikuwa na kibaraza cha kuanikia nguo. Kamba ya kuanikia ilikwenda ukuta hadi ukuta, imekazwa barabara, na juu yake zilining'inia kanzu mbili za kiume na fulana, zimefuliwa juzi, ingawa mwenye kuzivaa alikuwa na siku nane kaburini. Kamba ilikuwa ya kijani.

Tharwat alisimama akaitazama. Alimhurumia mwanamke yule kuliko alivyowahi kumhurumia mtu katika kazi yake, na akatamani awe kweli amelala kama walivyodai.

"Hajjati, kamba hii umeipata wapi?"

Alijibu bila wasiwasi wowote. Kamba za katani zinaoza kwa chumvi, kila mwaka anabadilisha. Siku ile ya mablanketi ile ya zamani ilikatika, nguo zikaanguka. Akaona waya umepita nje ya dirisha la jiko, mzuri, wa plastiki, haushiki kutu. Akautazama unakwenda wapi, akaona unaingia udongoni karibu na mnanaa. Mafundi nao, wanaacha takataka zao popote. Akaukata kwa mkasi wa samaki, akauvuta, na wa juu ukaja mwepesi.

"Hukufikiri una kazi?"

"Kazi gani, mwanangu? Kila waya unaleta kitu. Huu unaleta umeme, huu unaleta sauti, huu picha. Ule unakwenda mchangani. Waya unaokwenda mchangani unaleta nini?"

"Hauleti. Unaondoa," alisema Tharwat. "Umeme uliokuwa unavuja kwenye redio ulikuwa unashuka na huo waya kwenda ardhini. Njiani ndipo ulipofanya ule mvumo."

Akataka kuishia hapo. Yaliyobaki hayakuwa lazima kwa ripoti. Waya ulikuwepo, fundi hakudanganya, Shenouda angelala kwake kesho. Lakini Hajjati alikuwa bado anatazama kamba, na midomo yake ilikuwa inasogea kama ya mtu anayehesabu.

"Nilipoukata, mvumo ukaisha."

"Ndiyo."

"Na siku ile ukarudi. Waya ulirudi?"

"Waya haukurudi, Hajjati."

Dengu ziliendelea kuchemka. Metwalli aliangalia viatu vyake. Mjane alinyoosha mkono mmoja pembeni, kisha wa pili, kama mtu aliyesimama kati ya vitu viwili, mlingoti huku na bomba la tangi linaloshuka ardhini huku, na akaitazama mikono yake hiyo.

"Alikuwa yeye," alisema. "Nilikuwa namsikia yeye. Nikamwambia geuza."

Alikaa kwenye kigoda. Hakulia kwa sauti. Alilia jinsi watu wanavyolia wakiwa na kazi mbele yao, akipangusa uso kwa kiganja na kuendelea. Tharwat alimngoja. Alitoa daftari lake, akasema kwa upole kwamba ataandika waya ulikatwa na mtu asiyejulikana, katika mwezi wa Oktoba. Ilitosha kumtoa fundi. Hakuna atakayeuliza zaidi.

"Nina miaka ishirini na sita katika nyumba hii," alisema Hajjati. "Sijulikani na nani? Andika Dawlat Kamil."

"Wanaweza kukuita mahakamani."

"Nitakwenda. Nilimwita mtoto wa watu muuaji, mbele ya mkewe, kwenye ngazi, watu wanasikia. Andika kwa hati inayosomeka, usiandike kama unaota."

Aliandika. Akaandika pia kwamba hakujua, na alipomsomea, mjane akamtaka akirudie kifungu hicho mara mbili, kana kwamba anakisikia kwa niaba ya mtu mwingine. Kisha akatia sahihi. Metwalli alianza kuzitoa kanzu kwenye waya, moja moja, akizikunja juu ya mkono wake kwa uangalifu ambao mkewe hakuwahi kuuona nyumbani.

Hajjati aliinuka akaenda kwenye sufuria. Aliuliza kama Shenouda anapewa chakula huko. Tharwat alisema mke wa fundi alikuwa anamletea, lakini leo hakuja, binti yao ana homa.

"Basi mtampelekea hizi."

Alifungua kopo la samli, akachota kijiko kilichojaa, akakifikisha juu ya dengu. Hapo akasita. Alihesabu siku kwa vidole, akauliza leo ni tarehe ngapi. Sajini akamwambia ishirini na sita.

"Mfungo wa Krismasi wa Wakopti wenzake umeanza jana," alisema. "Hawezi kula samli."

Alikirudisha kijiko ndani ya kopo, akalifunga, akashusha chupa ya mafuta ya ufuta kutoka rafuni. Akachukua kisu na vitunguu viwili, akaanza kukata.